Naenda kufundisha redio ya jamii Burundi, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni mtangazaji hapa Dar, kuna shirika limeniomba niende Rumonge, Burundi, wiki moja, nikafundishe waandishi wa redio ya jamii, wengi hawajasomea, wanajitolea tu. Nimeandaa kuediti, sauti ya kitangazaji, jingo na mbinu za kuvuta wasikilizaji. Mwenzangu kaniambia vyote niweke pembeni kwa sababu kule watu wametoka vitani. Sasa nifundishe nini?
Mtangazaji, Tabata

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera. Kuediti usikuache, tena wafundishie kwenye simu zao wenyewe maana ndo kifaa watakachobaki nacho ukiondoka. Ila hizo mbinu za kuvuta wasikilizaji mi ningezitoa kabisa. Huku Dar tumezoea mtangazaji anachokonoa, anampigia laivu anayetuhumiwa, watu wanatupiana maneno hewani na kesho yake tumesahau. Rumonge anayetajwa hewani anaishi nyumba ya tatu kutoka kwa aliyemtaja.

Stori watakayokutana nayo sana ni ya mashamba. Mwaka 1972 watu wengi wa kule walikimbia mauaji, wengine wakaja huku kwetu wakaishi kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, mashamba yao wakapewa wengine, alafu ikaja vita ya 1993, na baada ya makubaliano ya amani ya Arusha ya Agosti 2000 watu wakaanza kurudi na kukuta kwenye shamba la baba kuna familia nyingine, ina karatasi za serikali na watoto waliozaliwa palepale. Serikali iliunda tume ya ardhi 2006 na bado maneno hayakuisha, maana kiukweli pande zote mbili zina la kusema.

Kwahiyo siku ya kwanza wape zoezi hilohilo. Mwanafunzi mmoja awe mama aliyerudi, mwingine amrekodi. Mama aseme, "yule mwizi kakalia shamba la baba yangu." Waulize, sentensi hiyo inaenda hewani? Watabishana, waache wabishane, usikimbilie kuwapa jibu. Mi ningebakisha uchungu wake wote, michikichi aliyopanda baba yake, usiku waliovuka Ziwa Tanganyika, ila neno mwizi na jina la mtu ningevitoa, na kipindi kisiruke mpaka jirani naye arekodiwe, sauti zote mbili siku moja. Ukirusha upande mmoja leo ukaahidi wa pili wiki ijayo, hapo katikati panga linaweza kutembea. Simu za wasikilizaji pia, warekodi kwanza, wasikilize, ndo warushe.

Na wapange wawiliwawili, Mhutu na Mtutsi, maana vita iliwagawa hao. Studio Ijambo ya Bujumbura, iliyokuwa inatengeneza vipindi vya redio, ilifanya hivyo tangu 1995, vita ikiwa imepamba moto, waandishi wa pande zote walikwenda pamoja eneo la tukio ili kila mmoja aone anachoona mwenzake. Mwaka mmoja tu nyuma yake, nchi jirani ya Rwanda, redio iitwayo RTLM ilikuwa inataja watu hewani wakatafutwe wauawe, na mwaka 2003 mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa hapahapa Arusha ikawatia hatiani waanzilishi wake wawili. Hiyo wasimulie bila kupunguza, wanafunzi wako wanapaswa kujua maiki inaweza kufanya nini.

Jambo moja nakuomba sana, usiende kuwahubiria ujasiri. Mei 2015, baada ya jaribio la mapinduzi, redio kadhaa binafsi Bujumbura zilishambuliwa na waandishi wengi wakakimbia nchi, wao wanayajua hayo kuliko mimi na wewe. Wafundishe vitu vya kuwalinda: jina la chanzo lisikae kwenye simu, mtu asitoke kwenda kijijini bila mwenzake kujua yuko wapi na anarudi saa ngapi.

Kiswahili Rumonge utaelewana nao, ila mazoezi wafanye kwa Kirundi, lugha wanayotangazia, we tafuta wa kukutafsiria. Kama utapitia Ngara, ingia Radio Kwizera, ilianzishwa 1995 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda na Burundi, waombe wakuambie walivyokuwa wanashughulika na uvumi wa kambini. Alafu ongea na hilo shirika mapema, wiki moja haitoshi, wakulipe pia muda wa kusikiliza vipindi vyao miezi inayofuata na kuwapigia simu.