Kruza (Toyota Land Cruiser) yenye injini ya dizeli ya 1HZ imevuta maji mtoni
Mkuu, umesema injini ilizima katikati ya mto, na ulipopiga stata ikatoa "ta!" ikagoma. Ishia hapo! Wala usivutwe ukiwa na gia. Maji hayabanwi kama hewa, kwa hiyo pistoni ikiyakuta juu, kinachopinda ni konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki (shafti kuu ya injini).

Fungua boksi la kichujio cha hewa. Kikiwa kimelowa, ng'oa hita plagi (plagi za kupasha moto silinda) zote 6, kisha zungusha krenki kwa spana, kwa mkono. Ikizunguka bila kukwama, chomoa waya wa kukata dizeli pale kwenye pampu ndipo upige stata kidogo kidogo. Usiinamie matundu ya plagi, maji huruka; mimi nililoa hadi kofia.

Kijiti cha oili kikitoka na rangi ya chai ya maziwa, oili imechanganyika na maji: mwaga oili, badilisha filta, weka ya bei nafuu, washa dakika chache, mwaga tena. Yangu ilisafika mara ya 3. Difu (gia za kwenye ekseli) na gia boksi nazo usizisahau, kagua kama maji yameingia.

Ikiwaka halafu igonge, pima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda). Silinda moja ikiwa chini kuliko nyenzake, huenda konrodi imepinda, hapo ni kufungua injini tu. Fanya leo leo, kutu haingoji.