Saa Janja Mkononi, Simu Kabatini

Saa janja ikitoka kwenye boksi haikupunguzii usumbufu, inakuongezea. Ukiiunganisha na simu na kubonyeza "ruhusu" kila inapouliza, basi kamati ya harusi, matangazo ya bando na picha za watu usiowajua vyote vinahamia kwenye kifundo cha mkono, mahali usipoweza kuviweka mbali. Dawa yake ni kama dakika 20 za kupanga arifa, na zifanye siku ileile ya kwanza.

Fungua programu ya saa kwenye simu (Mi Fitness, Zepp, Huawei Health au nyingine iliyo ya saa yako), ingia sehemu ya arifa, zima zote. Kisha washa tatu tu: simu zinazoingia, SMS, na kalenda kama unaitumia. SMS zibaki kwa sababu ndimo zinamopita taarifa za pesa. Ila mwenye duka asitoe mzigo kwa kutazama saa. Kioo kile ni kidogo, ujumbe mrefu hukatwa njiani, na ujumbe wa tapeli ukiwa nusu unafanana kabisa na wa kweli. Mkono ukitetema, chukua simu, angalia salio, ndipo mteja aondoke na bidhaa.

WhatsApp ndiyo yenye kazi. Saa nyingi za bei nafuu hazijui tofauti ya mama yako na kikundi cha watu 200. Zinachukua arifa yoyote iliyotokea kwenye simu. Kwa hiyo chujio lazima likae ndani ya WhatsApp yenyewe. Kuzima sauti ya kikundi mara nyingi hakutoshi, maana kwenye baadhi ya simu arifa huendelea kuingia kimyakimya, na saa ikaiona ikatetema. Njia ya uhakika ni kuvipeleka vikundi kwenye kumbukumbu (Archive): kwenye Android, gusa kikundi cha kwanza na ushikilie, gusa vingine unavyotaka, kisha bonyeza alama ya kisanduku chenye mshale wa kushuka. Halafu ingia mipangilio ya gumzo uhakikishe gumzo hizo zinabaki kwenye kumbukumbu hata ujumbe mpya ukiingia, la sivyo zitarudi juu zote. Mtu akikutaja kwa jina au kujibu ujumbe wako, bado utaarifiwa. Hapo sasa unaweza kuwasha WhatsApp kwenye saa bila hofu.

Lalamiko linalosikika zaidi ni saa kuacha kuleta arifa baada ya siku moja mbili. Mara nyingi saa haina kosa. Simu nyingi za Android huua programu zinazofanya kazi chinichini ili kuokoa betri, na programu ya saa ni miongoni mwa zinazouawa. Ingia sehemu ya betri kwenye mipangilio ya simu, itafute programu ya saa, iondolee vizuizi. Kama simu yako ina sehemu ya programu kujiwasha zenyewe, iruhusu na huko. Angalia pia hali ya "Usinisumbue". Saa nyingi huifuata simu, ukiiwasha huku na mkono nao unanyamaza. Ukitaka simu inyamaze lakini saa itetemeke, iweke simu kwenye kimya cha kawaida.

Simu ikishanyamaza, iondoe machoni. Iweke kabatini, mkobani, au chumba cha pili. Bluetooth hufika takriban mita 10 mahali pa wazi, na ukuta wa tofali za saruji hupunguza umbali huo, kwa hiyo jaribu kwanza kwa kujipigia kutoka simu nyingine. Washa pia tahadhari ya kupoteza muunganisho kama saa yako inayo. Ndiyo itakayokushtua ukishuka kwenye daladala na simu imebaki kwenye kiti.

Faida kubwa kuliko zote ni usiku. Kengele ya saa hukuamsha kwa mtetemo bila kuwaamsha watoto, iwe ni kwa swala ya alfajiri au zamu ya asubuhi, na simu haina tena sababu ya kulala chini ya mto. Iweke kengele kwenye saa yenyewe, ili ilie hata muunganisho ukikatika. Mkanda ukae upana wa kidole kimoja juu ya mfupa wa kifundo, ukigusa ngozi vizuri; mkanda uliolegea humeza mtetemo, na hiyo ndiyo sababu ya wengi kupitiliza. Ijaribu kwanza siku ya mapumziko. Chaji iwe walau asilimia 30 unapolala, na kwa saa ya kuchajiwa kila siku kama Apple Watch, muda mzuri ni wakati unaoga na kunywa chai.

Sura ya saa nayo ichague yenye saa na tarehe basi. Ukiiwekea hatua, mapigo ya moyo, hali ya hewa na asilimia ya betri, utajikuta unaitazama kila baada ya dakika chache kama ulivyokuwa ukiitazama simu.