Mzee wa Bandarini Anajibu: Huyo wa kijani mwenye sahani kichwani

SWALI: Mzee wetu, shikamoo. Mwanangu wa miaka 7 ameazimwa na mwenzake kitabu cha hadithi za Kijapani. Ndani mna kiumbe wa kijani, mgongoni ana gamba la kobe, kichwani ana sahani ya maji, na anavuta watoto mtoni. Tangu akisome hataki hata kukanyaga maji, na sisi twaishi karibu kabisa na ufuo hapa Tudor. Mama mkwe anasema hilo ni jini la bahari, kitabu kitoke nyumbani kabla ya Magharibi. Je, ni jini kweli? Na ni kweli anapenda matango?
Mama Mwana, Tudor

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kitabu kiache. Huyo anaitwa kappa, ni wa mito na madimbwi ya Japani, na bahari yetu haimhusu.

Mimi nilimjua Kilindini, siku zile nikiwa karani wa kuhesabu shehena gatini. Mpishi wa meli moja ya Kijapani alinikaribisha jikoni kwake, akaniwekea vipande vidogo vya wali vilivyoviringishwa kwa mwani mweusi, katikati pana tango bichi. Akaniambia hiyo ni kappamaki, chakula chenye jina la kappa kwa sababu ya mapenzi yake kwa tango. Nikamuuliza kappa ni nani. Akachukua penseli akamchora nyuma ya karatasi yangu ya hesabu: kimo cha mtoto, mdomo kama wa ndege, vidole vimeunganishwa kwa ngozi kama vya bata, na utosini kidimbwi cha maji. Kile kidimbwi alirudi kukitia kivuli tena, taratibu, maana nguvu zote za kappa zimo humo. Maji yakimwagika, hoi.

Na namna ya kuyamwaga ndiyo iliyonipendeza. Kappa ni katili, lakini ana adabu. Ukimwinamia kwa heshima, naye hana budi kukuinamia, na akiinama tu sahani inamwaga. Mtoto mdogo asiye na panga wala bunduki anaokoka kwa salamu! Tena akitoa ahadi haivunji. Husimuliwa kwamba kappa alijaribu kumvuta farasi mtoni, akakatwa mkono, akaja usiku kuuomba. Aliporudishiwa, akalipa kwa kufundisha dawa ya kuunga mifupa. Zipo koo za waganga wa mifupa zilizodai dawa yao ilitoka kwake.

Ukatili wake sitaki kuuficha, kwa kuwa mtoto ataukuta kitabuni. Inasemwa kappa humzamisha mtu ili amtoe kidonge kilichomo katika tupu ya nyuma. Ni jambo la kutia kinyaa, lakini wengi hulieleza hivi: mtu aliyekufa maji misuli yake hulegea sehemu hiyo, na watu wa kale waliomwopoa maiti mtoni walidhani kuna kitu kimetolewa. Kwa hiyo nyuma ya hadithi hii kuna wazazi waliofiwa na watoto kwelikweli. Hata leo, kwenye madimbwi na mito ya Japani utakuta vibao vyenye picha ya kappa vya kuwaonya watoto wasikaribie.

Matango ni kweli. Watu waliandika majina ya jamaa zao juu ya tango na kulitupa mtoni, ili kappa ale hilo awaache wao. Huko Tokyo, hekalu la Sogenji mpaka sasa hupelekewa matango kwa ajili yake. Na katika mji wa Tono, mkoani Iwate, nyuma ya hekalu la Jokenji kuna kijito ambapo wageni hutega tango kwenye ndoano, tena kwa kibali maalumu cha kuvua kappa. Kappa wa Tono husemwa ni mwekundu. Mwaka 1910 mtaalamu Yanagita Kunio alichapa simulizi za mji huo, na kappa wa Tono wakaja kujulikana nchi nzima.

Mama mkwe mwambie kwa upole kwamba Wajapani wenyewe humhusisha kappa na mungu wao wa maji, ni imani yao, na haijaingia nyumbani kwako kwa kitabu cha mtoto. Mwombe amsimulie mjukuu ngano za pwani yetu, apate za pande zote mbili.

Ama hofu ya mtoto, usiifute yote haraka. Maji ya Tudor hayajui salamu. Maji ya bamvua yanapotoka, mkondo una nguvu, na tope la kwenye mikoko linashika mguu wa mtu mzima. Mpeleke na baba yake wakati maji yametulia, amwoneshe mkondo unapopita, kisha amfundishe kuogelea. Nakuomba sana jambo hilo lisingoje likizo.

SWALI: Mzee, mimi ni mvuvi wa Mtwapa. Hao Wajapani wana mambo ya usiku baharini kama sisi?
Mvuvi, Mtwapa

JIBU: Wanayo, kaka, tena mazito. Kuna funayurei, roho za watu waliozama. Hutokea usiku kando ya chombo na kuomba upo, ile kata ya kutolea maji chomboni. Ukiwapa, wanaujaza kwa maji ya bahari na kuyamwaga chomboni mwako mpaka uzame nao. Kunyima nako ni hatari. Ndiyo maana mabaharia wa kale walibeba upo mwingine uliotobolewa kitako. Wakiombwa, huutoa huo.