Kabla ya kadi ya grafiki, angalia umeme wako

Kompyuta ya kwanza ya gemu niliyoiunganisha kwa mikono yangu, nyumbani Tabata, Dar es Salaam, ilidumu miezi saba tu. Jioni moja umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, na uliporudi mara ya tatu nilisikia mlio mdogo kama wa njiti ya kiberiti, kisha harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumbani. Pawa saplai, kifaa kinachoigawia kompyuta umeme, ilikufa, na haikufa peke yake, kwa sababu iliondoka na madabodi, ile bodi kuu inayounganisha vifaa vyote, pamoja na diski iliyokuwa na kazi zangu za chuo. Zaidi ya nusu ya fedha nilizokuwa nimezikusanya zilikwenda kwenye kadi ya grafiki, na pawa saplai niliichukua ile ya bei ya chini kuliko zote dukani kwa kuwa iliandikwa wati 600 ubavuni, nami niliyaamini maandishi hayo. Tangu siku hiyo nimeunganisha kompyuta nyingine nne, moja yangu na tatu za ndugu na rafiki, na kila mara ninaanza na umeme.

Wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi hazitoshi kukuambia kitu. Geuza pawa saplai, soma jedwali dogo lililobandikwa ubavuni, utafute mstari wa volti 12, kwa maana prosesa na kadi ya grafiki hula karibu umeme wao wote kutoka hapo. Zidisha 12 kwa idadi ya ampea zilizoandikwa. Ile yangu iliyoungua ilikuwa na ampea 25, yaani wati 300, ingawa boksi lilitangaza 600. Sasa piga hesabu ya mashine yenyewe: prosesa ya Ryzen 5 5600 huishia kwenye wati 76 hivi, kadi ya RX 6600 imepangiwa wati 132, na vilivyobaki, yaani feni, diski, RAM (kumbukumbu ya muda) na madabodi, tuseme wati 50. Jumla haifiki 300. Kwa hiyo pawa saplai ya kweli ya wati 550 inaitosha mashine ya kiwango cha kati na kubakiza nafasi ya kutosha kwa kadi kubwa zaidi baadaye, na hakuna sababu ya kukimbilia 750 ya jina lisilojulikana. Nembo ya 80 Plus nayo isikulevye, kwani inapima ni kiasi gani cha umeme kinachopotea kama joto, wala haipimi kinga dhidi ya umeme unaopanda ghafla. Tafuta ile ambayo mtengenezaji wake ameorodhesha kinga hizo waziwazi na kuipa dhamana ya miaka kadhaa.

Ukinunua pawa saplai iliyotumika kutoka nje, hasa ile ya zamani, tazama nyuma yake kama ina swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230. Ikiwa imeachwa kwenye 115, nawe ukaichomeka kwenye umeme wetu, itapasuka papo hapo.

Baada ya pawa saplai, weka UPS, kifaa chenye betri kinachoshika umeme unapokatika, kwenye bajeti tangu mwanzo, si kama kitu cha kuongeza mwakani. Hapa pia kuna tarakimu inayopotosha, kwa kuwa UPS huuzwa kwa VA (volti-ampea) wala si kwa wati. Ya VA 650 mara nyingi haibebi zaidi ya wati 400, na zipo zinazobeba pungufu ya hapo. Kazi yake si kukuwezesha kucheza gizani. Ni kukupa dakika chache za kuhifadhi kazi yako na kuzima mashine kwa utaratibu, na kuivusha salama pale umeme unapokatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika moja.

Umeme ukishatulia, uamuzi unaofuata ni wa skrini, maana skrini ndiyo inayoamua kadi. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta milioni 2 na kidogo, ilhali ya 2560 kwa 1440 ina karibu milioni 3.7, na kadi inapaswa kuzichora zote upya kwa kila fremu. Rafiki yangu mmoja alinunua kadi ya gharama kubwa akaifunga kwenye skrini yake ya zamani ya 60Hz, ambayo haiwezi kuonyesha zaidi ya fremu 60 kwa sekunde hata kadi ikitoa 150. Fedha zile zingemtosha kwa kadi ya kawaida pamoja na skrini ya 144Hz, na angeiona tofauti kwa macho yake.

Kwa 1080, kadi kama RX 6600 yenye GB 8, RTX 3060 ya GB 12 au RTX 4060 ya GB 8 zinafanya kazi ya kuridhisha kabisa. Ninayoipenda katika mazingira yetu ni ile inayokula umeme kidogo: RTX 4060 inatumia wati 115 hivi na RTX 3060 wati 170, na tofauti hiyo inageuka joto ndani ya chumba ambacho tayari kina nyuzi 30. Lakini GB 12 za RTX 3060 zina thamani yake kwa gemu zinazojaza kumbukumbu ya kadi, na kwa anayefanya pia kazi za video ningemshauri hiyo bila kusita. Ninayomwonya kila mtu asiinunue ni RX 6500 XT ya GB 4. Inatumia njia nne tu za kuwasiliana na madabodi, na ukiiweka kwenye madabodi ya kizazi cha nyuma, mathalani ya B450, inadhoofika waziwazi.

Kadi zilizotumika ziko nyingi sokoni, na baadhi yake zilichimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum hadi Septemba 2022, uchimbaji wa namna hiyo ulipokoma. Hilo peke yake halinitishi. Linalonitisha ni muuzaji anayekataa kuniwashia kadi kwa nusu saa huku ikifanya kazi nzito mbele yangu, nisikilize feni na kutazama kama picha inaingia madoa.

Kuhusu prosesa sitakaa sana. Viini sita vya kisasa vinatosha, iwe Ryzen 5 5600, Core i5-12400F au Ryzen 5 7600. Yafaa kujua kwamba mbili za kwanza hazina grafiki ya ndani, hivyo kadi ikiharibika hutapata picha yoyote hadi upate nyingine, wakati 7600 ina grafiki ndogo ya kukuwezesha kuendelea na kazi za kawaida. Madabodi ndiyo inayohitaji umakini zaidi. Mdogo wangu alinunua B450 iliyokaa dukani muda mrefu, akaifunga Ryzen 5 5600, na skrini ikabaki nyeusi siku mbili, akidhani prosesa ni mbovu. Kilichokosekana ni sasisho tu la BIOS, ile programu ya madabodi inayoiwasha mashine. Mwombe muuzaji aiwekee sasisho hilo dukani kabla hujalipa.

RAM ichukue kwa jozi, vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha GB 16, kwa sababu viwili hufanya kazi sambamba na prosesa hupata data kwa upana maradufu. Madabodi ikiwa na matundu manne, kwa kawaida jozi hukaa kwenye la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Diski iwe SSD ya NVMe, aina ya diski yenye kasi kubwa, ya TB 1; gemu za leo ni kubwa, na nusu ya hapo hujaa upesi.

Kasha lichague kwa uso wake. Kioo cha mbele kinapendeza, ila kinaziba hewa, na mimi huchukua lenye wavu mbele na kichujio cha vumbi kinachochomoka, feni mbili zikivuta ndani na moja ikitoa nyuma. Sisi tunaofungua madirisha mchana kutwa huosha kichujio hicho kila baada ya wiki mbili au tatu.

Siku ya kuwasha, chomeka kebo ya skrini kwenye kadi ya grafiki yenyewe, wala si kwenye tundu la madabodi, kisha ingia kwenye BIOS uwashe XMP, mpangilio unaoiruhusu RAM kufikia kasi yake iliyotangazwa, kwa kuwa bila hiyo RAM uliyoilipia kasi ya 3200 kwa kawaida huanza na 2133. Mashine yangu ya pili ilikaa mwezi mzima kwenye 2133 kabla sijagundua.