Kilwa au Songo Mnara?

SWALI: Mhariri, natarajia kusafiri kutoka Dar es Salaam kwenda kuona magofu ya Kilwa. Je, nitosheke na Kilwa Kisiwani, au niendelee hadi Songo Mnara? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, ukiwa na siku moja tu, baki Kilwa Kisiwani. Utapanda basi hadi Kilwa Masoko, takriban kilomita 300 kusini mwa Dar es Salaam, uchukue kibali cha kuingia kwenye magofu, kisha uvuke kwa mashua. Usiishie kwenye Gereza, yaani ngome ya kale, na Msikiti Mkuu, kama wafanyavyo wageni wengi wenye haraka. Tembea hadi Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14 lililojengwa ukingoni juu ya bahari, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, kwani hapo ndipo utakapoelewa utajiri ambao biashara ya dhahabu ya Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, iliuletea mji ambao msafiri Ibn Battuta wa Moroko aliuzuru mwaka 1331 na kuusifu kwa uzuri wake.

Songo Mnara, mji wa magofu kwenye kisiwa jirani, ulioandikishwa pamoja na Kilwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, unahitaji siku yake. Safari hufuata maji kujaa na kupwa, hivyo mwulize nahodha saa ya kurudi kabla hamjapatana nauli, na uvae viatu visivyoogopa tope la mikoko. Nyumba zake za mawe ya matumbawe zimesimama vizuri kuliko nyingi za Kilwa, na, kwa maoni yangu, zinastahili usumbufu huo.