Podman kwenye laptopu yenye RAM ndogo
Umeuliza kama laptopu ya GB 4 inaweza kujenga na kuendesha kontena (kifurushi chenye programu na vyote inavyohitaji) bila kulemewa. Inaweza, kama una Linux, na ningekushauri Podman, zana ya kujenga na kuendesha kontena. Haina programu inayokaa nyuma muda wote ikila RAM, wala haihitaji root, yaani mamlaka ya msimamizi wa kompyuta. Dockerfile yako (faili la maelekezo ya kujenga kontena) iache ilivyo: andika podman build -t duka . (nukta ni sehemu ya amri, duka ni jina la mfano tu) halafu podman run --rm -p 8080:80 duka. Hapo kwenye poti (namba za milango ya mtandao, 8080:80) ndipo wengi hukwama: bila root, Linux kwa kawaida hukataa poti zilizo chini ya 1024 upande wa kompyuta yako, ndiyo maana nimeweka 8080. Kwenye Windows au macOS lazima uwashe mashine pepe (kompyuta ya Linux inayoigizwa ndani ya yako) kwanza, podman machine init kisha podman machine start, nayo itadai RAM yake.