Kuonja mvinyo wa Ufaransa mezani na wenzako: ushauri kwa anayeanza

Ukihamia Ufaransa, iwe kwa masomo au kwa kazi, mwaliko hautachelewa. Jirani au mfanyakazi mwenzako atakuambia uje Ijumaa jioni, kila mtu na chupa yake, watu waonje na kulinganisha. Nimefanya kazi kwenye duka la mvinyo hapa Lyon kwa miaka mingi, na jioni za namna hiyo sasa naziandaa mwenyewe. Ndugu zetu wengi wanaokuja mara ya kwanza hukaa kimya mpaka mwisho, wakidhani wenyeji wamezaliwa na ulimi wa aina nyingine. Ulimi ni ule ule. Wenyeji wana mazoea, na mazoea hayo hupatikana upesi ukiacha kukimbilia majina ya harufu, ukauliza kwanza: kwa nini mkulima huyu amechanganya zabibu hizi?

Anzia Bordeaux, maana huko sababu iko wazi kuliko kokote. Mkoa uko karibu na bahari ya Atlantiki, mvua ni nyingi na hali ya hewa haina uhakika. Zabibu nyekundu kubwa ni Merlot na Cabernet Sauvignon, na Cabernet Franc hufuata. Merlot huchipua mapema na kuiva mapema, kwa hiyo baridi kali ya Aprili ikishuka usiku, machipukizi yake ndiyo huungua kwanza. Mwaka 2017 baridi ya namna hiyo ilipita Bordeaux na kuwaachia wakulima wengi hasara kubwa. Cabernet Sauvignon huchelewa kuchipua, basi mara nyingi huponea hapo, lakini mvua za mwisho wa msimu zikiwahi huikuta bado haijaiva. Anayepanda zote mbili ana cha kuvuna hata mwaka ukiwa mbaya. Mwenzetu mmoja wa Dodoma aliwahi kuniuliza kwa nini wasichague moja iliyo bora yakaisha. Kwao zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Huku ni mara moja tu, na ukiharibikiwa Septemba unasubiri mwaka mzima. Nilipomwambia hivyo hakuhitaji maelezo mengine.

Udongo nao una kauli yake. Mkoa umegawanywa na mito. Ukingo wa kushoto, kwenye eneo la Médoc, ardhi ni changarawe inayopitisha maji na kutunza joto la jua, na Cabernet Sauvignon inayochelewa inalihitaji joto hilo ili iive. Ukingo wa kulia, Saint-Émilion na Pomerol, kuna udongo mwingi wa mfinyanzi, na Saint-Émilion chokaa pia. Ardhi hiyo ni ya baridi zaidi, na Merlot huivumilia. Ndiyo maana chupa za kushoto kwa kawaida huongozwa na Cabernet na za kulia na Merlot. Haya uyajue mwenyewe, kwa sababu karatasi ya mbele ya chupa mara nyingi hutaja mahali na jina la shamba bila kutaja zabibu hata moja.

Sasa leta chupa mbili mezani, moja ya Médoc na moja ya Saint-Émilion, za bei inayokaribiana na za mwaka mmoja. Zifunge kwa gazeti kabla wageni hawajafika. Mimina kidogo, mililita 50 zinamtosha mtu mmoja, na chupa ya mililita 750 itazunguka meza nzima. Kisha mwombe kila mtu anyamaze na aandike. Hapo ndipo ninaposisitiza kuliko yote. Mtu wa kwanza akishasema “nasikia vanila”, meza nzima itasikia vanila. Hata macho yanatudanganya: katika utafiti uliochapishwa 2001, wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo huko Bordeaux walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, wakaueleza kwa maneno yanayotumika kwa mvinyo mwekundu. Wale walikuwa wanasomea kazi hiyo. Kwa hiyo andika kwanza, ongea baadaye, na usiogope karatasi yako ikitofautiana na ya jirani.

Uandike nini? Mambo matatu, na yote mwili wako unayajua tayari. Baada ya kumeza au kutema, mate yanajaa kwa kasi gani? Huo ni ugwadu. Ufizi na mashavu yanakauka na kukwaruza kiasi gani? Huo ni ukakasi, unaotokana na tanini, kemikali zilizo kwenye maganda na mbegu za zabibu. Koo linapata joto? Hiyo ni pombe. Kwenye meza yangu alikuwapo dada mmoja muuguzi, siku yake ya kwanza kabisa, akaandika mstari mmoja: “Ya pili imenikaushia ufizi wa juu, ya kwanza imepita laini.” Tukafungua magazeti, ya pili ilikuwa Médoc. Alikuwa ameshataja tofauti kati ya Cabernet Sauvignon changa na Merlot bila kutaja tunda lolote.

Harufu nazo ni muhimu, ila tumia za kwenu. Zambarau iliyoiva, ukwaju, karafuu, pilipili manga, ngozi mpya, moshi wa kuni: yote haya utayakuta kwenye glasi, na wenzako watafurahi kuyasikia kuliko ukikariri matunda ya msitu ambayo hujawahi kuyala.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni kuchanganya wenyewe. Nunua chupa mbili za Pays d'Oc, kusini, ambako mvinyo mwingi huuzwa kwa jina la zabibu: moja Merlot, moja Cabernet Sauvignon. Ujue tu kwamba sheria za Ulaya zinataka angalau asilimia 85 ya zabibu iliyotajwa, kwa hiyo kidogo cha nyingine huenda kimo. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano kutoka duka la dawa, lioshe, upime. Glasi ya kwanza Merlot mililita 70 na Cabernet 30, ya pili nusu kwa nusu, ya tatu Cabernet 70 na Merlot 30. Weka zile zisizochanganywa pembeni za kurejea. Onja glasi ya kwanza kisha ya tatu: Merlot inajaza katikati ya mdomo, Cabernet inaunyoosha mvinyo na kuufanya ukae ulimini baada ya kumeza. Halafu ongeza mililita 5 tu za Cabernet kwenye glasi ya kwanza. Watu hushangaa jinsi kiasi hicho kinavyosikika. Kusoma ni kuzuri, lakini jioni moja na bomba la sindano hufundisha haraka zaidi.

Ukishazoea hapo, shuka kusini mwa bonde la Rhône. Tatizo la huko ni jua. Grenache huiva kwa sukari nyingi, kwa hiyo pombe hupanda, rangi hubaki hafifu, na hewa huiharibu upesi. Syrah huletwa kwa ajili ya rangi na ile harufu ya pilipili. Mourvèdre, yenye ganda nene na inayochelewa kuiva, huleta ukakasi na kuulinda mvinyo usichoke mapema. Châteauneuf-du-Pape, mvinyo wa huko uliopata AOC yake (ulinzi wa kisheria wa jina la mahali) 1936, ina zabibu 13 zinazoruhusiwa kihistoria, au 18 ukihesabu kila rangi peke yake. Isikutishe. Shamba la Beaucastel linalima zote 13, wakati mvinyo mwekundu wa shamba la Rayas ni Grenache peke yake, na yote mawili yanaheshimika sana. Kwa anayeanza, Côtes du Rhône ya kawaida inatosha kabisa. Kaskazini mwa bonde hilo kuna ajabu nyingine: Côte-Rôtie, mvinyo mwekundu wa Syrah, unaruhusiwa kuwa na Viognier, zabibu nyeupe, hadi asilimia 20, na lazima zichachuke pamoja. Wengi hutia kidogo sana kuliko hapo, na bado hupata manukato ya maua, na rangi hutulia vizuri zaidi.

Burgundy sitakaa nako hapa, kwani mvinyo wake mkubwa mwekundu ni Pinot Noir peke yake na mweupe ni Chardonnay. Champagne nayo iachie baadaye: huko huchanganya hata miaka, mvinyo wa akiba na wa mavuno mapya, na hilo hulisikii vizuri kabla ulimi haujatulia.

Adabu za meza ni chache. Usijipake manukato makali siku hiyo, na nguo zilizofukizwa udi ziache nyumbani, maana zitaziba pua za wote. Shika glasi kwenye mguu wake. Mvinyo mwekundu uwe kati ya nyuzi 16 na 18. Wakati wa kiangazi uweke kwenye friji kama nusu saa, la sivyo utasikia pombe tu. Kutema kwenye chombo si utovu wa adabu. Wenye kazi hii wote hutema. Asiyekunywa kwa sababu ya dini, ujauzito au dawa asibembelezwe. Kama ni ujauzito au dawa, anaweza kunusa na kuandika kama wengine. Kama ni dini, mwachie mwenyewe aamue anakaa mezani kwa namna gani. Na kama unaendesha gari, kikomo hapa ni gramu 0.5 za pombe kwa lita ya damu, na 0.2 kwa mwenye leseni mpya. Ukionja chupa nne bila kutema, unaweza kukivuka. Panda treni.

Chupa zikibaki, zirudishie vizibo, uziweke kwenye friji, uonje tena kesho yake ukiwa na karatasi ile ile. Médoc changa mara nyingi huwa imelegea na kupendeza zaidi, wakati Grenache yenye umri huwa imepoteza tunda lake. Mkikutana tena, leteni mvinyo wa kusini-magharibi: Cahors, ambayo lazima iwe na zabibu ya Malbec asilimia 70 au zaidi, pamoja na Madiran ya zabibu ya Tannat. Hiyo Madiran ifunguliwe mapema mchana na inywewe pamoja na nyama yenye mafuta, kwa sababu ukakasi wake ni mkali kuliko wa chupa zote nilizozitaja.